Kabla ya Berlin, Tuanzie Posta

Muulize mwanafunzi yeyote pale kantini angependa kutalii wapi akipewa siku moja, tiketi na visa ya bure. Utasikia Paris, London, Roma, wengine Berlin. Sina ugomvi nao, hata mimi orodha yangu ninayo. Ila muulize swali la pili: lile jengo la Old Boma pale Posta lilijengwa na nani, na lilikuwa la nini? Hapo wengi wataanza kuangalia simu. Na hao ni watu wanaoshuka Posta ya Zamani kila wakifuatilia kitambulisho, benki au cheti.

Sisi wa Dar tunaenda mjini kwa shida. Tukimaliza shida tunakimbilia daladala kabla foleni haijaanza. Neno utalii tumewaachia wazungu wenye kofia wanaoelekea Serengeti, na ndugu walioko Ulaya wanaotuma picha wakiwa mbele ya makanisa ya zamani. Sasa fikiria kwamba kutoka kwetu Chamazi hadi Posta ni kama kilomita 20, na pale kuna makanisa ya zamani, jumba la sultani, hospitali ya enzi za Wajerumani na makumbusho, vyote unavimaliza kwa miguu kwa siku moja.

Hoja yangu ni ndogo na inatekelezeka. Sisi tunaosoma ualimu tuifanye siku moja ya kutembea katikati ya jiji kuwa sehemu ya kazi yetu: kwanza twende wenyewe, halafu twende na wanafunzi tutakaowafundisha. Na siku hiyo iwe ya kuuliza maswali. Kupiga picha kupo, hakuna atakayekukataza, isipokuwa Ikulu.

Mwaka jana nilikuwa TP kwenye sekondari moja ya kata huku kwetu. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 90, wengine watatu dawati moja. Nikiwa katikati ya mada ya utawala wa Wajerumani, nimeandika ubaoni 1884, 1891, 1905, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Madam, hao Wajerumani walikuwa wanakaa wapi?"

"Hapa hapa Dar."

"Dar ipi?"

Darasa likacheka, lakini swali lilikuwa la maana sana. Kwa mtoto wa Chamazi, Dar ni Mbande, Rangi Tatu, Kariakoo anakokwenda na mama kununua mzigo wa genge, na uwanja wa Azam siku za mechi. Wajerumani wa kwenye daftari hawana mahali pa kukaa katika Dar hiyo. Historia kwake ni tarehe za kukariri, na tarehe hazina mtaa. Nikawauliza wangapi wamewahi kuingia Makumbusho ya Taifa. Mikono ilikuwa minne.

Jumamosi iliyofuata tukaenda, wanafunzi 14 na walimu wawili wa TP. Kila mzazi alikuwa amesaini barua. Tuliwaambia wavae sare, kwa sababu bila sare konda hakubali nauli ya mwanafunzi, na hata wakiwa na sare bado mmoja alitaka kutukatalia kwa hoja kwamba Jumamosi hakuna shule. Tulibadilisha gari Rangi Tatu, na saa tatu asubuhi tukawa Posta.

Tulianzia Old Boma. Ni jengo la mwaka 1866 na 1867, la enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeanza kujenga mji mpya jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Lilikuwa nyumba ya wageni wake. Kuta ni za mawe ya matumbawe, dari imebebwa na boriti za mikoko, na mlango ni wa kuchonga kama ile ya Zanzibar. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora. Wajerumani walipohamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kuja hapa mwaka 1891, walikuta mji ulioanzishwa na wengine, na jengo hili wakalitumia kwa kazi zao za utawala. Mle darasani wote walikuwa wanaamini kwamba Dar es Salaam ilianzishwa na Wajerumani. Imani hiyo ilikufa kwa dakika kumi, mbele ya ukuta.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa 1897 na kumalizika 1902, kisha mbele kidogo Kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye paa la vigae vyekundu, nalo la miaka hiyo hiyo. Ukikutana na picha za makanisa haya bila maelezo, unaweza kudhani ni mji fulani wa Bavaria. Hapo nilisimama na kuwauliza: hizi ni miaka gani katika madaftari yenu? Binti mmoja akakumbuka kwamba ni miaka ambayo Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha alilazimika kufanya kazi. Sikusema zaidi. Waliangalia mnara juu, wakaangalia mawe chini, wakaandika wenyewe.

Halafu tukapanda hadi kwenye Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Azikiwe. Hii ndiyo sanamu maarufu kuliko zote nchini na hakuna anayeisimamia, kwa sababu iko katikati ya mzunguko wa magari na kila mtu ana haraka. Ilizinduliwa na Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo upande wao katika Vita Kuu ya Kwanza. Singe ya bunduki imeelekea bandarini. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Vijana walisoma ya Kiswahili kwa sauti, magari yakipiga honi pande zote, kisha yule yule wa "Dar ipi?" akauliza:

"Madam, mbona hakuna majina?"

Kweli hakuna. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Walikotoka, majina yao yalijulikana. Pale mjini wamepewa askari mmoja wa shaba awawakilishe wote. Jina lingine lililobaki kwa ajili yao ni Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi pale. Wanafunzi wangu wamepita Kariakoo tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao, na siku ile ndiyo walijua wanachokitaja wanapolitamka jina hilo.

Kuna kisa kingine cha mahali pale ambacho kila mwanafunzi wa chuo anapaswa kukijua. Kabla ya Askari, hapo alisimama mtu mwingine. Mwaka 1909 Wajerumani waliweka sanamu ya Hermann von Wissmann, ofisa aliyetumwa mwaka 1889 kuzima upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo huo. Wissmann baadaye akawa gavana. Katika sanamu hiyo yeye amesimama juu, na chini yake askari Mwafrika anamtazama kwa kuinua uso.

Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa. Ikapelekwa Uingereza kama nyara ya vita, kisha ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mjini Hamburg, jirani na chuo kikuu. Chuo hicho kilirithi taasisi ya kikoloni iliyoanzishwa mwaka 1908, ambapo Kiswahili kilifundishwa kwa watu waliokuwa wakija kututawala. Wissmann akakaa pale miaka mingi. Mwaka 1967 wanafunzi wa Hamburg wakamwangusha. Akarudishwa. Mwaka 1968 wakamwangusha tena, na safari hiyo hakurudishwa.

Ninaposema wanafunzi, nina maana ya watu kama sisi, wenye mitihani, wenye madeni ya chumba, wenye umoja wa wanafunzi kama huu unaochapisha jarida hili. Walikuwa wakipita mbele ya sanamu ile kila siku kwenda darasani, mpaka siku wakauliza huyu ni nani na alifanya nini. Kilichoanza ni swali. Kamba zilifuata.

Ndiyo maana nasema siku ya kutalii mji wa kihistoria si anasa. Inategemea unatembea vipi. Kuna rafiki zetu watakaopata nafasi za masomo Ujerumani, kila mwaka wapo. Wakifika Berlin wataoneshwa lango la Brandenburg na mabaki ya ukuta, na wataona vizuri. Lakini mwenye mazoea ya kuuliza, siku yake moja Berlin itakuwa tofauti kabisa. Ataingia makumbusho ya elimu ya viumbe na kukuta mifupa ya dinosaria yenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na atajua kwamba imetoka Tendaguru, mkoani Lindi, ilikochimbwa kati ya 1909 na 1913 na mamia ya vibarua wa kwetu, mizigo ikibebwa kichwani hadi pwani. Atakwenda mtaa wa Neukölln na kukuta barabara iliyokuwa na jina la huyo huyo Wissmann. Tangu 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya Lucy Lameck wa Moshi, mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia bungeni Tanganyika na wa kwanza kuingia katika safu ya mawaziri. Atakwenda Wedding na kukuta barabara iliyopewa jina la Karl Peters mwaka 1939, yule wa mikataba ya Usagara tuliyemkariri wote, na ataona kwamba tangu 2024 kipande chake kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee.

Na pale Brunnenstraße atainama kusoma kijiwe cha shaba kilichozikwa njiani. Kina jina la Mohamed Husen. Mtu huyu alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, naye akatumikia jeshi la Wajerumani angali mtoto. Alikwenda Berlin kudai mishahara yao. Hakulipwa. Akabaki huko, akawa mhudumu wa mgahawa, akaigiza filamu, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Wanazi walimfunga, na alifia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Mwalimu wa Kiswahili, mtoto wa Dar. Sisi tunaosomea kazi ile ile aliyoifanya, wangapi tulishalisikia jina lake?

Majina hayo ya barabara hayakubadilika yenyewe. Waafrika wanaoishi Berlin na wenzao walidai kwa miaka mingi, wakitembeza watu mitaani na kuwaeleza kila jina ni la nani. Yaani silaha yao ilikuwa hii hii ninayoipigia debe: kutembea mjini kwa mpangilio na kuuliza.

Turudi Posta. Tulipotoka kwa Askari tuliingia Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa 1940 na ambayo leo yapo Mtaa wa Shaaban Robert, kisha bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha 1893 kujaribia mazao ya biashara. Tukamalizia Ocean Road. Hospitali ile ilifunguliwa 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa hospitali nyingine, iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo. Ya Wazungu bado imesimama na inahudumia wagonjwa wa saratani. Ya Sewa Haji haipo, jina lake limebaki kwenye jengo la wodi pale Muhimbili. Binti mmoja akasema bibi yake alilazwa Sewahaji. Hakuwahi kufikiri kwamba Sewahaji ni mtu. Hapo hapo nikawauliza kuhusu wodi ya Kibasila, na shule ya Kibasila iliyopo Temeke yetu hii. Kibasila alikuwa mmoja wa viongozi wa Maji Maji upande wa Uzaramo, na Chamazi ni Uzaramo. Vita waliyokuwa wakiiandika kama ya Songea na Kilwa peke yake ikawa imefika nyumbani.

Njiani kurudi gari lilipita Mnazi Mmoja. Niliwaonesha uwanja ule kutoka dirishani: upande wa bahari Uzunguni, katikati Uhindini, upande wa pili Kariakoo kwa Waswahili, na uwanja umeachwa wazi kama mpaka. Hakuna aliyehitaji notisi za mada ya ubaguzi wa makazi baada ya hapo.

Najua pingamizi zitakazokuja, maana tayari nimezisikia bwenini.

La kwanza: haya ni majengo ya mkoloni, ya nini kuyatukuza? Sikubali kwamba kuyatembelea ni kuyatukuza. Matumbawe yalichimbwa na watu wa pwani hii, boriti zilikatwa na watu wa pwani hii. Tukiyapa kisogo, maelezo yake yataandikwa na wengine, na sisi hatutakuwemo. Kama jengo lina jambo la aibu, basi ndiyo sababu zaidi ya mwalimu kusimama mbele yake na darasa.

La pili: hela. Hii ni ya kweli. Mtoto ambaye hana hela ya chai hawezi kulipa nauli mbili na kiingilio. Safari yetu tulichangiana walimu wawili, tukabeba maji na mihogo ya kuchemsha kutoka nyumbani, na makumbusho yanatoza mwanafunzi pungufu ya mtu mzima. Lakini sitaki mpango unaotegemea bumu la mwalimu wa TP. Inatakiwa shule iingize safari moja ya mjini katika ratiba na bajeti ya mwaka, kama inavyoingiza mtihani wa majaribio. Na darasa la 90 haliendi siku moja. Linagawanywa, na waliokwenda wanawafundisha waliobaki. Vijana wangu 14 waliwasimulia wenzao kwa vipindi viwili, na nilikaa dawati la nyuma nikisikiliza.

La tatu: NECTA haiulizi Old Boma. Ni kweli haiulizi. Inauliza utawala wa kikoloni, kodi, kazi za kulazimishwa, upinzani, athari za vita. Mwanafunzi aliyeyaona kwa macho ana mfano wa kuandika. Asiyeyaona anarudia sentensi ya kitabu, na msahihishaji anakutana na sentensi hiyo hiyo mara elfu. Tena sasa tuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo mtoto anatakiwa kujifunza kuipenda nchi yake. Sijui mtu anapendaje nchi ambayo hajatembezwa hata kilomita 20.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu, na ninayaandika hapa ili viongozi wetu wa umoja wa wanafunzi wasiseme hawakuambiwa.

Moja, umoja wetu uandae matembezi ya Posta kila muhula, siku ya Jumamosi, na mwaka wa kwanza wapewe nafasi kwanza. Bajeti yake haifiki ya usiku mmoja wa kumtafuta mrembo wa chuo.

Mbili, wahadhiri wetu watuhesabie ziara moja ya nje ya darasa katika alama za TP. Tunapimwa kwa maandalio ya somo, kwa sauti na kwa matumizi ya ubao. Tupimwe pia kama tunaweza kutumia mji kama zana ya kufundishia, maana ni zana ambayo haihitaji umeme wala projekta.

Tatu, kila atakayekwenda achague jengo moja, mtaa mmoja au jina moja, aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi ambacho mtoto wa kidato cha pili atakielewa. Tukiwa watu 60 kwa muhula, kwa mwaka tuna kurasa 120. Hizo tuzipeleke kwenye shule za kata za Temeke, Kinondoni na Ilala bure. Walimu walioko kazini hawakosi moyo, wanakosa maandishi ya kushika mkononi.

Haya yana haraka yake. Kila mwaka nyumba za zamani pale mjini zinapungua na maghorofa ya vioo yanaongezeka. Sipingi maghorofa, watu wanahitaji ofisi. Lakini jengo likishaondoka, mwalimu wa kesho atabaki na tarehe ubaoni kama nilivyokuwa nazo mimi, na mtoto wa nyuma akiuliza "Dar ipi?" hatakuwa na pa kumpeleka.

Paris ipo, Berlin ipo, na Mungu akijalia tutafika. Kwa sasa mimi na wenzangu wa darasa tumeshaanza orodha ya majina kwa ajili ya Jumamosi ya kwanza baada ya mitihani. Tunakutana Posta ya Zamani saa mbili asubuhi. Vaa viatu vya kutembelea, beba maji, na uje na swali moja ambalo hukuwahi kupata wa kumuuliza.